Mama Mkwe wa Padre

“Roho,” alisema Kalisti.

“Loho,” alisema Minza.

“Mama, ulimi utikisike. Rrr! Kama pikipiki inayokataa kuwaka asubuhi. Haya, Roho.”

“Rrroho,” alisema Minza, na mate kidogo yakarukia kioo cha simu.

“Hapo hapo!” Kalisti alifuta kioo kwa ncha ya shati lake. “Sasa hiyo hiyo. Usiiachie.”

Kalisti alikuwa mwalimu wa kwaya, na tangu Krismasi alikuwa pia mratibu wa utume wa mtandaoni, cheo ambacho hakikuwa na posho ila kilikuwa na fulana. Padre Benedikto alikuwa ametoka kwenye semina fulani na moto mwingi moyoni. Jumapili iliyofuata alihubiri kwamba Petro alivua watu kwa wavu, basi na sisi wa Mpanda tutawavua kwa mtandao, na papo hapo parokia ikafungua chaneli na kuiita Nyavu TV. Mpaka siku hii ya Minza, samaki walionaswa walikuwa wanakwaya wenyewe, wakijitazama walivyopendeza. Mafungo ya Kwaresima yalitazamwa na watu ambao Kalisti aliona haya kuwahesabu, maana wengi wao walikuwa yeye mwenyewe kwa simu za ndugu zake.

Ndipo Padre akagundua kinachokosekana. “Watu wamechoka kuhubiriwa,” alisema. “Kule kwa manabii wanafuata shuhuda. Na sisi tutafute shuhuda.”

Ushuhuda uliopatikana haukuwa wa kipofu kuona. Suzana, binti wa Minza na Maduhu, alikuwa fundi cherehani asiye na pa kuweka cherehani, kwa kuwa mwenye fremu ya duka alikuwa ameitaka fremu yake. Padre akampa kona ya baraza la ukumbi wa parokia, upande wa barabara, bila kodi. Basi. Lakini Kalisti alisema tuanze na tulichonacho, hata Bwana wetu alianza na mikate mitano.

Tatizo likawa ulimi wa mama. Kama Wasukuma wengi wa rika lake, Minza hakuona sababu ya kuweka mpaka kati ya r na l. Zilikuwa jirani, zikaazimana chumvi. Nyumbani kwake Makanyagio hakuna aliyewahi kupotea kwa ajili hiyo. Kalisti lakini ni Mfipa, na Mfipa aliyesoma ualimu, na aliamini watu wa mtandaoni wangecheka.

“Ukifika kwenye neno ukawa na wasiwasi,” alimwambia, “wewe weka r. R haijawahi kumwangusha mtu.”

Minza akajifunga khanga vizuri, akaitazama simu kama mtu anayetazama sindano ya daktari, akaanza.

“Tumsifu Yesu Kristu. Mimi naitwa Minza, mke wa Maduhu, wa hapa Makanyagio. Namshukuru sana Padre Benedikto. Turikuwa na shida na binti yetu Suzana. Tukaenda kwa padre, tukamwomba, wara hakutusumbua. Ametupa mahari nzuri, bira masharti. Sasa Suzana anashinda pare kwa padre toka asubuhi, na sisi wazazi tunarara usingizi.”

Maduhu alikuwa pembeni, akatikisa kichwa kukubali. Suzana, pini zikiwa zimemjaa mdomoni, naye akakubali kwa nyusi. Wote walisikia mahali. Katika nyumba ile, neno hilo lilikuwa mahali hata likisemwa vipi. Kalisti, mwenye vipokea sauti masikioni, hakusikia neno hata moja. Alisikia r tu, safi, zikifuatana, na akafurahi kama mwalimu ambaye darasa lake lote limefaulu.

“Mama,” alisema, “wewe ni mtangazaji.”

*

Jumatano Minza alikuwa sokoni na mchele wake. Alishangaa kuona wateja wengi, na wote wana tabasamu.

“Mama mkwe, shikamoo.”

“Marahaba. Mama mkwe wa nani?”

“Si wa padre!” Kijana akapima kilo moja kwa macho, akaondoka bila kununua, mabega yakimcheza.

Muuza nyanya wa jirani akauliza kama siku ya harusi padre atajifungisha mwenyewe au ataazima padre wa parokia nyingine. Dereva wa bodaboda akapita akipiga honi na kuimba “hakutusumbua, hakutusumbua.” Minza akacheka nao, kwa kuwa mtu wa biashara hucheka kwanza akaelewa baadaye. Ilipofika saa nne alikuwa hajaelewa na uso umemchoka.

Aliyemwelewesha ni Gaudensia, mwenyekiti wa jumuiya yao, mwanamke mwenye huruma nyingi na simu kubwa. Alimvuta nyuma ya magunia akamwonyesha. Mtu asiyejulikana, pengine hata Katavi hajawahi kuikanyaga, alikuwa ameukata ushuhuda ule ukabaki pale panaponoga, akautia muziki wa singeli. Chini yake watu walikuwa wakiandika. Mmoja aliuliza kama seminari bado zinapokea.

Minza akatazama mpaka mwisho. “Sasa kosa liko wapi? Si nimesema vizuri?”

“Umesema mahari, dada.”

“Ndiyo, mahari. Mahari pa kuweka cherehani.”

“Siyo mahari. Mahali.”

“Si ndiyo nimesema? Mahari.”

“Mama Suzana, sikiliza.” Gaudensia akamshika mikono yote miwili. “Mahari ni ng'ombe.”

Minza akairudia sentensi yake kichwani, sasa ikiwa na ng'ombe ndani yake: tumemwomba padre, hakutusumbua, katoa ng'ombe bila masharti, na Suzana anashinda kwake toka asubuhi. Akakalia gunia la mteja.

Si kejeli za bodaboda zilizomkalisha. Suzana alikuwa na mchumba. Malale, mnunuzi wa mpunga, miezi mitatu yote alikuwa akipita pale barazani na mashati ambayo vifungo vyake vilikatika kwa namna ya ajabu. Wazee walikwisha kaa, ng'ombe walikwisha kubaliwa ishirini na tano, na mzee Mwandu, baba yake Malale, alikuwa awalete kutoka kijijini Mamba baada ya mavuno. Watu walikuwa wanangoja mahari ya kweli.

*

Mzee Mwandu hakuwa na simu ya kuonea picha, lakini mnadani vijana walimwonyesha bila kuombwa. Alifika Makanyagio Ijumaa, yeye, mshenga wake, na Malale nyuma yao. Alikunywa maji. Aliulizia mvua. Aliulizia mguu wa Maduhu uliokuwa ukiuma mwaka juzi. Minza alikuwa jikoni, anasikia kila kitu, ugali unaungua.

“Kuna maneno yanazunguka,” mzee Mwandu akasema mwishowe.

“Mzee mwenzangu,” alisema Maduhu, “wewe ni Msukuma kama mimi. Umemsikia mke wangu. Kasema mahali.”

“Najua kasema mahali. Masikio yangu mazima.”

Maduhu akashusha pumzi. “Asante, wabeja sana, bhabha. Maana sisi tumekonda.”

“Ngoja kwanza. Mimi nimesikia mahali. Ila ng'ombe wangu hawapiti kwenye masikio yangu, wanapita barabarani, toka Mamba mpaka hapa mjini. Watu watasema nini? Watasema Mwandu anamlipia padre deni.”

“Kwa hiyo unamwacha binti?”

“Nani kataja kuacha? Binti mzuri, ana kazi mkononi, haongei hovyo.” Hapo alitupa jicho jikoni. “Nasema tu, ishirini na tano tulimkubalia binti asiye na neno. Sasa neno lipo. Nitaleta kumi na mbili.”

“Unajua ni uongo, na bado unapunguza?”

“Maduhu, mpunga wako ukinyeshewa barabarani, mvua si kosa lako. Lakini mnunuzi atapunguza. Ndiyo biashara.”

Maduhu alimgeukia Malale. Malale alikuwa anaangalia viatu vyake, viatu vizuri, vya kamba. Nyuma ya pazia la mlango Suzana naye alikuwa akimwangalia, akingoja. Alisubiri aseme hata “lakini, baba.” Malale akakohoa, akaangalia dirisha.

“Jumapili ya keshokutwa mtanipa jibu,” mzee Mwandu alisema akisimama. “Mkikataa sina kinyongo. Ila tafuteni na nyie atakayemchukua mchumba wa padre.”

Walipoondoka Maduhu hakumgombeza mkewe, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alikaa tu na kikombe kitupu. Minza alijiona mama aliyempanga mwanae mnadani na kumnadi nusu bei kwa mdomo wake mwenyewe. Akavaa kitenge cha kanisani, akaenda kumwona padre.

*

Halmashauri ya walei iliitishwa kwa dharura, na dharura iliwakuta wote wameshaitazama video mara nyingi.

“Ifutwe,” alisema Minza. Alikuwa amesimama mlangoni, hakuna aliyemkaribisha kiti. “Nawaomba. Ifutwe leo.”

Mweka hazina, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, akainua mkono. “Mwenyekiti, tusiende kwa hasira. Kabla ya mama huyu chaneli ilikuwa kaburi. Sasa wafuasi wanaingia kama mvua ya masika. Tukifuta tutawapoteza.”

“Wafuasi wa nani?” aliuliza Padre Benedikto.

“Wa Kristu, padre. Kwa kupitia sisi.”

“Hao wanataka kujua nimeoa lini.”

“Ndiyo mwanzo wa kutaka kujua, padre. Hata Zakayo alipanda mti kwa umbeya.”

Padre alijishika paji la uso. Alikuwa kijana bado, Mpimbwe wa huko huko Mamba, na alikuwa amefanya jambo jema dogo kwa cherehani moja akaoa bila kujijua. “Mama yangu mzazi kanipigia,” alisema. “Hakuniuliza kama ni kweli. Kaniuliza mkwe wake anajua kupika mlenda?”

Wajumbe wakainamisha vichwa, kama watu wanaosali, mabega yakitikisika.

“Na mkifuta nini kitafutika?” Kalisti akasema kwa sauti ya chini. Tangu Jumatano alikuwa hali vizuri. “Iko kwenye simu za watu. Mimi ndiye niliyemwambia aweke r, padre. Ni mimi.”

“Tumekusikia, mwalimu,” alisema mweka hazina. “Kosa lako limezaa matunda.”

Ni Gaudensia aliyepata njia. Jumapili, baada ya misa ya pili, watoke laivu pale pale barazani, familia zote mbili na padre katikati. Padre aeleze. Minza alitaje neno lile kwa usahihi, dunia nzima isikie. Mzee Mwandu asikie watu wakisikia, naye asiwe tena na pa kushikia. Mweka hazina aliunga mkono kabla hajamaliza, kwa sababu zake.

Mzee Mwandu alikubali wito bila kusita. Hakuwa amewahi kuonekana kwenye televisheni, na alinunua kofia.

*

Jumapili baraza lilijaa mpaka barabarani. Viti vya plastiki vilipangwa, wakubwa wakakaa: padre na kanzu yake, Maduhu na koti la msiba, mzee Mwandu na kofia, Malale pembeni yake. Suzana hakukaa nao. Alikuwa nyuma ya cherehani yake, mahali penyewe, akipinda sare za kwaya zilizokuwa zinatakiwa Jumatatu. Alisema kazi haijui laivu.

Kalisti alifunga simu kwenye mti wa bendera, kisha akashika boksi alilolipasua na kuandika kwa mkaa: MAHALI. Herufi ya tano aliiandika kubwa kuliko zote. Mweka hazina alikaa na simu ya pili ili asome maoni ya watazamaji kwa sauti, kazi aliyojipa.

“Wameingia,” alinong'ona. “Wameingia, padre, wanaendelea kuingia. Hata Pasaka hawakuja hivi.”

Padre aliomba sala, akaeleza kwa ufupi na kwa aibu. Baraza, cherehani, shukrani, herufi. Kisha akamwita Minza.

Minza alisimama mbele ya simu. Aliona boksi. Usiku mbili mumewe alimfundisha, la, la, la, na nyumbani ilikuwa imetoka. Sasa watu waliinua simu zao wote kwa pamoja, na mtu nyuma akasema “hakutusumbua,” na kicheko kikapita kwenye viti.

“Ma,” alisema Minza. “Maha…”

Akasimama hapo. Alihisi ulimi umelala mdomoni haujui uende wapi. Kalisti alilitikisa boksi kwa kumsihi. Minza aliliangalia lile boksi, akawaangalia watu na simu zao, halafu akamwona mzee Mwandu chini ya kofia mpya, akitabasamu kidogo, mtulivu, kama mnunuzi anayejua mvua inanyesha bado. Hofu ikamtoka ikaingia hasira.

Akaipa simu mgongo, akamgeukia mzee, akaanza Kisukuma.

Kwa Kisukuma Minza hakuwa na herufi ya kuiogopa. Alisema: Mwandu, wewe ulisikia. Ulikuja nyumbani kwangu, ukanywa maji yangu, ukasema kwa kinywa chako masikio yako ni mazima. Hawa wanaocheka hawajui lugha yetu, Mungu atawasamehe. Wewe unajua. Umechukua ulimi wa mama aliyekuwa anashukuru ukaufanya mzani wa kupunjia. Ng'ombe kumi na tatu umewaokoa, na kila mmoja ukimkamua utoe maziwa ya aibu ya mwanangu. Kunywa, bhabha. Kunywa na wajukuu zako.

Padre Benedikto hakuelewa neno hata moja. Kila Minza alipopumua aliitikia “Amina,” kwa upole.

Lakini huko kwenye simu walikuwepo walioelewa. Kabila lile ni kubwa, na siku hiyo ilionekana halikuwa na kazi nyingine. Mweka hazina alianza kusoma bila kupitia kwanza. “Kutoka Bariadi: mzee lipa ng'ombe wa watu. Kutoka Kahama: hilo zee ni la ukoo gani, tulijue. Kutoka Geita: hata kofia hajailipia huyo.” Akainua kichwa. “Wengi, padre. Hawa sasa ni wengi kabisa.”

Jasho lilimshuka mzee Mwandu toka chini ya kofia. Mnada wa Mamba angeuvumilia. Hakuwa amepanga kutajwa Bariadi, alikozaliwa.

“Ishirini na tano,” alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika. “Kama tulivyosema. Nani kasema vingine? Nilikuwa nawatania wakwe zangu.”

Vigelegele vikapasuka. Maduhu akasimama akakaa akasimama tena. Padre akapiga makofi. Kalisti alilikumbatia boksi lake na kujichafua mkaa mpaka kidevuni. Furaha ilimpanda Minza, alikuwa amemrudishia mwanae alichompotezea.

Cherehani ikanyamaza. Ndipo watu walipogundua kwamba muda wote ilikuwa ikilia.

“Malale,” alisema Suzana.

Hakupaza sauti. Malale aligeuka.

“Mama yangu alisema shukrani yake, watu wakasikia wanayotaka. Baba yako alisikia mahali akapunguza ng'ombe. Wewe sijakusikia. Siku zote hizi hukuja peke yako, hukupiga simu, sijakuuliza. Nakuuliza leo. Wewe ulisikia nini?”

Ilikuwa mtihani mwepesi. Jibu lilikuwa kwenye boksi, limeandikwa kwa mkaa. Watu wa viti vya mbele walikuwa tayari wanatabasamu kwa niaba yake. Malale alifungua mdomo, halafu, kama mtu aliyezoea, akamtazama baba yake kwanza.

“Mimi,” alisema, “nilisikia alichosikia baba.”

Suzana akatikisa kichwa taratibu. Ilimuuma, na hakuuficha uso wake. Alimpenda yule kijana, na mashati yake yote.

“Basi aliyesikia ndiye aoe,” alisema. “Na mimi mzee simtaki.”

Mweka hazina akaishusha simu mapajani. Padre alifungua mdomo kwa Amina akaufumba. Mzee Mwandu aliinuka, akarekebisha kofia, akakuta watu wamempisha njia pana kuliko ilivyohitajika. Malale akamfuata. Maduhu aliwasindikiza kwa macho mpaka kona ya barabara, na ukimwangalia ungejua alikuwa haoni watu wawili, alikuwa anaona kundi zima linarudi Mamba.

“Ng'ombe ishirini na tano, mwanangu,” Minza alisema. Alikuwa amefika kwenye cherehani bila kujua amefikaje.

“Najua, mayu.”

“Nimewapigania mbele ya dunia nzima.”

“Nimekusikia, mayu. Kila neno.”

Minza alimtazama. Alitaka kukasirika, na sababu alikuwa nazo, na baba mtu alikuwa pale na koti lake la msiba. Lakini kilichomtoka kilikuwa kicheko, cha tumboni, kilichokuja na machozi, na akalazimika kuishika meza ya cherehani asianguke. Suzana naye akacheka, akilia, akifuta macho kwa sare ya sauti ya tatu.

“Kalisti,” Minza alisema alipopata pumzi, “zima hiyo simu, watu waende kwao.”

Kisha akavuta kiti alichokalia mzee Mwandu, akakaa, akashika upande wa pili wa kitambaa ili usiburute chini, na mwanae akaendelea kushona.